WRX STI EJ20 Final Edition: niifanyie modi au niiache kama ilivyotoka kiwandani?

Mzizima_VAB

Habari zenu wakuu. Nina Subaru WRX STI EJ20 Final Edition (msimbo wa bodi ni VAB, wa injini ni EJ20), imeshashushwa bandarini Dar, nasubiri namba. Ni ile ya magari 555 ambayo Subaru waliyauza Japani kwa bahati nasibu mwishoni mwa 2019. Ina kilomita 31,000, mnadani ilipewa daraja 4.5, kibao cha namba ya toleo kipo, rimu za BBS za dhahabu zipo zote nne na hazijakwaruzwa. Karatasi ya mnada inaonyesha kitu kimoja tu kisicho cha kiwandani, sailensa ya nyuma. Ya asili haikuja na gari.

Mawazo niliyonayo ni haya: kwanza ule mngurumo wa Subaru, maana hii ikiwaka inalia laini mno. Pili hp 400. Tatu kuinyanyua kidogo kwa sababu ya matuta. Nne kuipiga stika nyeusi isiyong'aa. Wapo wanaoniambia nikiigusa nimeiharibu, wengine wanasema gari ni langu nifanye nitakavyo. Naomba majibu ya watu wanaozijua hizi injini. Majibu ya "uza ununue Crown" mtaniwia radhi.

Fundi_Boksa

Mkuu hongera. Kabla hujashika spana, elewa kwanza Subaru waliongeza nini kwenye hili toleo, maana jibu lako liko hapo.

Nguvu hawakuongeza. Ni ile ile ya VAB Type S: PS 308 kwenye mizunguko 6,400 na Nm 422 kwenye 4,400. Walichofanya ni balansi. Tofauti ya uzito inayoruhusiwa kati ya pistoni moja na nyingine, na konrodi moja na nyingine, waliipunguza kwa nusu. Ya krankishafti waliipunguza kwa asilimia 85. Flaiwili na presha pleti nazo kwa nusu. Kwa hiyo kitu adimu ulichonunua kimefungwa ndani ya bloku, ukiacha kibao, rimu na urembo mwingine. Ukifungua injini ukaweka pistoni za kufua ili ufike 400, umetoa kile kilichoifanya iitwe Final Edition na kubaki na VAB ya kawaida yenye kibao cha bei ghali.

Na hizo 400 kwa petroli yetu, turbo ya kiwandani haikufikishi. Utahitaji turbo kubwa, nozeli kubwa, pampu ya mafuta, intakula, na hapo pistoni za kiwandani zinakuwa kiungo dhaifu. EJ20 ni imara kuliko EJ25 ya soko la Marekani, lakini zote zikigonga (mafuta kujilipua yenyewe ndani ya silinda) kwa muda mrefu chini ya busti kubwa (presha ya hewa inayosukumwa na turbo), kinachovunjika ni ule ukuta mwembamba wa pistoni unaoshika ringi. Mara nyingi huanza silinda ya 4. Dalili ni moshi wa bluu, oili kupungua, na kompresheni ya silinda moja kushuka wakati nyingine tatu ziko sawa.

Sasa mngurumo. Ule mlio wa Subaru za zamani hautokani na sailensa. Unatokana na manifoldi ya eksozi yenye mabomba yasiyolingana urefu, moshi wa upande mmoja unafika kwenye turbo umechelewa. VAB ya Japani ina mabomba yanayolingana na turbo ya njia mbili: silinda 1 na 2 zinaingia mdomo mmoja, 3 na 4 mdomo mwingine. Ndiyo maana inalia laini, na ndiyo maana turbo inaamka mapema ingawa injini ni ya cc 1,994 tu. Watu wanaouza "kiti ya mngurumo" hawasemi kwamba kwa kawaida inakulazimu ubadili na turbo iwe ya njia moja, bomba la kupandishia moshi, na mara nyingi sampu ya oili pia kwa sababu umbo lake limetengenezwa kupisha manifoldi ya asili. Ukimaliza, busti inachelewa kuja na kontroboksi (kompyuta ya injini) inatakiwa iandikwe upya. Yote hayo kwa ajili ya sauti! Mimi nisingefanya, hata kwenye VAB ya kawaida.

Ukitaka gari liseme kidogo, sailensa ya nyuma inatosha, na tayari unayo. Kuanzia baada ya masega (kichujio cha kusafisha moshi) kwenda nyuma, kubadilisha bomba hakuhitaji kugusa kontroboksi na kunarudishika kwa dakika 40. Tatizo linaanza ukigusa daunipaipu, yaani bomba linalotoka kwenye turbo. Ukiweka pana lisilo na masega, moshi unatoka kwa urahisi kuliko mlango wa westigeti, ule unaopitisha moshi pembeni ya turbo, unavyoweza kupunguza. Busti inapanda yenyewe kupita kiwango ilichopangiwa, hasa gia ya 4 na ya 5 mizunguko ikiwa juu. Kontroboksi ikiona imezidi inakata mafuta ghafla, gari linapiga kichwa kama limegonga ukuta. Huyo ndiye mwenye bahati. Asiye na bahati busti inapanda kidogo tu, haikati, inagonga kimyakimya mpaka pistoni iondoke.

Chujio la wazi la hewa nalo achana nalo. Sensa ya hewa imepimwa kwa kipenyo cha bomba lake la asili. Bomba likiwa pana zaidi, hewa ile ile inapita polepole mbele ya sensa, kontroboksi inadhani hewa ni kidogo, inatoa mafuta kidogo. Mchanganyiko unakuwa mkavu wakati ambao injini inauhitaji uwe mzito. Na vali za kupuliza "tshiii" nje zinatoa hewa ambayo sensa imeshaihesabu, kwa hiyo kila ukibadili gia mafuta yanazidi, plagi zinakuwa nyeusi, na gari linaweza kuzimika ukisimama kwenye mataa.

Msafara_555

Kwenye stika nyeusi nina neno moja tu. 555 haikuokotwa. Ni namba iliyokuwa ubavuni mwa Impreza za mashindano za miaka ya 1990, gari za bluu zenye rimu za dhahabu. Colin McRae alishinda Safari Rally Kenya 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akarudia 2000. Kama yako ni ya bluu, umepewa gari limeshavaa jezi, halafu unataka kulifunika turubai jeusi?

Ila mimi sikubaliani na wanaosema gari liwekwe kabatini. Liendeshe.

Mnada_na_Makaratasi

Nizungumzie thamani, maana watu huitaja bila kufafanua ni thamani kwa nani.

Mnunuzi wa kawaida hapa Dar hatakulipa zaidi kwa sababu ya kibao cha 555. Atakuuliza inakula mafuta kiasi gani. Bei ya ziada ya uasilia ipo kwa watu wachache: wakusanyaji wa Japani, Uingereza, Australia, na baadaye Marekani, ambako gari la aina hii linaruhusiwa kuingia likifikisha miaka 25, yaani 2045 kwa lililotengenezwa 2020. Angalia Impreza 22B ya 1998, ambayo Japani zilitengwa 400. Zinazopata bei kubwa minadani ni zile zenye injini yake, rangi yake na historia iliyoandikwa. Iliyobadilishwa bado ni ghali, lakini mnunuzi anakata gharama ya kuirudisha ilivyokuwa, kisha anakata tena kwa wasiwasi.

Kwa hiyo jiulize kama kweli una mpango wa kumuuzia mtu wa aina hiyo. Kama huna, uasilia kwako ni suala la kuheshimu chombo, na unaweza kujiamulia unavyotaka. Kama unao, kuna kazi ya wiki ya kwanza.

Karatasi ya mnada usiitupe wala kuilaminisha. Itafutie mtu anayesoma Kijapani. Neno "shagai" linamaanisha kifaa kisicho cha mtengenezaji, na "junsei" ni cha mtengenezaji. Wakaguzi wa Japani huandika kwa kifupi sana, na mara nyingi kwenye kona kuna maelezo madogo ambayo mtafsiri wa bure wa kampuni iliyokuuzia aliyaruka: mkwaruzo wa chini ya bampa, taa iliyobadilishwa, shokapu zisizo za asili. Linganisha kila alama ya kwenye mchoro na gari lenyewe.

Kodi mashine ya kupima unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida inasoma kati ya maikroni 90 na 150. Paneli ikisoma zaidi ya 200 ilishapakwa tena. Piga picha usomaji wa kila paneli, pamoja na kibao cha namba ya toleo, kibao cha chesisi, na namba ya injini iliyopigwa kwenye bloku.

Sailensa ya asili anza kuitafuta sasa. Agiza kwa namba ya chesisi inayoanzia na VAB-, usiagize kwa jina la gari. Japani wenye VAB za kawaida wengi waliweka sailensa za nje na kuuza za asili zikiwa karibu mpya, ila linganisha namba ya spea kwanza. Ukisubiri miaka kumi utaitafuta pamoja na watu wengine 554.

Kuhusu sheria: ukibadili rangi au injini, taarifa hizo zinatakiwa zibadilishwe kwenye kadi ya gari TRA. Stika inayofunika gari zima inahesabika machoni pa trafiki kama rangi nyingine, kadi ikisema bluu na gari jeusi utaeleza barabarani kila siku. Bima kubwa pia: modi usiyoitaja kwenye fomu ni sababu nzuri kwa mwenye bima kukupunguzia fidia. Na hakikisha ripoti ya tathmini inataja jina la toleo, la sivyo utathaminiwa kama Impreza ya 2020 basi.

Gereji_ya_Njia_Panda

Nachangia kwenye matuta na rimu, maana hapo naona mtoa mada ana haja ya kweli.

Matairi ya kiwandani ni 245/35R19. Ukuta wa tairi ni milimita 86 hivi. Kwa mashimo yetu, rimu ya BBS ya kufua haivunjiki kirahisi lakini inakunja ukingo, na kuinyoosha kwa moto ni kuiua. Weka rimu za inchi 18 na matairi 245/40R18. Kipenyo cha jumla kinatofautiana kwa chini ya milimita 1, kwa hiyo spidomita na sensa za ABS hazioni tofauti, lakini ukuta unaongezeka mpaka milimita 98. Gari linakuwa tulivu na rimu za dhahabu zinapumzika nyumbani.

Vipimo: upana 8.5, offset (umbali wa uso wa kufungia rimu kutoka katikati ya upana wake) +55, matundu 5x114.3, tundu la kati 56.1. Rimu nyingi za nje zina tundu la kati la 73.1, nunua ringi za kujazia, la sivyo stelingi inatetemeka kwenye 100 na utamlaumu mtu wa balansi bure. Ukichukua offset +45 rimu inatoka nje sentimita moja, inarusha mawe kwenye rangi ya milango. Breki za mbele za Brembo za pistoni sita ni kubwa, diski ni milimita 340, kwa hiyo si kila rimu ya 18 inapita. Kabla ya kulipa, ifunge kwa mkono bila tairi, izungushe, na hakikisha kuna milimita 3 angalau kati ya spoki na kalipa. Nati ni M12x1.25, kaza Nm 120 kwa spana ya toki, rudia baada ya kilomita 100. Zile bunduki za upepo za watu wa pancha zimekata stadi nyingi sana mjini.

Jambo ambalo watu wengi wa Subaru hapa hawalijui mpaka liwagharimu: matairi yote manne lazima yalingane. Mzingo wa tairi moja na jingine usitofautiane zaidi ya milimita 6. Tairi moja likipasuka ukaweka jipya pembeni ya matatu yaliyolika, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, inapata moto, na difu ya STI yenye kidhibiti cha umeme si ya bei ya kutaniwa. Pima kwa futi ya cherehani kuzunguka tairi likiwa na upepo sawa. Nunua matano tangu mwanzo.

Kunyanyua: kutoka kiwandani uvungu ni kama sentimita 13.5. Unaweza kuweka spesa za milimita 15 juu ya shokapu za mbele na nyuma, springi na Bilstein zake zinabaki vile vile, na siku ya kuzitoa unafungua nati tu. Usizidi 20. Spesa inashusha shokapu nzima, kwa hiyo gurudumu likining'inia kwenye shimo, pembe ya shafti na boljointi inakuwa kali kuliko zilivyopangiwa, na buti za shafti zinaanza kupasuka. Baada ya kufunga, alaimenti ifanywe upya, na mwombe fundi aangalie kile kijiti cha sensa ya urefu kule nyuma kinachopanga taa, maana gari likinyanyuka taa zinaweza kuwapiga usoni wanaokuja. Springi usikate. Usiweke zile raba za katikati ya springi pia, zinafanya springi iwe ngumu sehemu moja na kuvunjika sehemu nyingine.

Mzizima_VAB

Nashukuru sana wakuu, hapa nimepata shule. Nimeshaiacha habari ya 400 na ya stika. Rimu za 18 naziagiza. Maswali mawili yaliyobaki. Moja: Fundi_Boksa umegusia "petroli yetu". Je, hata nikiiacha kama ilivyo kuna shida? Mbili: klachi inaonekana inashika juu sana, muuzaji anasema ni kawaida. Ikibidi kubadilisha, nayo inahesabika kama modi?

Fundi_Boksa

Swali la kwanza ndilo ambalo watu wa "usiiguse" hulisahau. Gari hili limeandikiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vyao haishuki oktani 96 na kwa kawaida sheli zao huuza ya 98 mpaka 100. Hapa unajaza 93 au 95. Kwa hiyo hata ukiiacha asili kabisa, inatembea kwenye mafuta ambayo haikupangiwa.

Haitakufa kesho. Kontroboksi ya Subaru ina sensa ya kusikiliza kugonga, na ina namba moja ya kujifunza inayoitwa DAM, inayokwenda kati ya 0 na 1. Ikiwa 1, injini inapewa mwako wa mapema (cheche kupigwa mapema) wote uliopangwa. Ikisikia kugonga mara kwa mara inashusha namba hiyo, nguvu inapungua, pistoni inasalimika. Shida ni kwamba inasikia kwanza ndipo irudi nyuma, yaani kila marekebisho yamelipiwa kwa kugonga kidogo.

Fanya hivi. Jaza daraja la juu kabisa unaloweza kupata, kwenye sheli moja yenye wateja wengi, tangi tatu mfululizo. Chomeka kifaa cha kusomea kwenye soketi ya OBD chini ya stelingi na urekodi vitu vinne: DAM, marekebisho ya kugonga ya papo hapo, marekebisho ya kugonga yaliyojifunzwa, na busti. Kipimo kifanyike kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari likiwa limesimama), gia ya 4, kutoka mizunguko 2,500 mpaka 6,500. Sitaki kusikia mtu anapima Bagamoyo Road. Ukiona marekebisho ya nyuzi -1.4 yanatokea mara moja na kupotea, ni kelele tu. Ukiona -2.8 au zaidi inarudi kwenye mzunguko ule ule kila ukipima, au DAM imeshuka chini ya 1 na haipandi, acha kukanyaga sana mpaka upate suluhisho.

Suluhisho ni kuandikiwa ramani ya petroli ya 95: mwako unarudishwa nyuma kidogo kwenye mzigo mkubwa, na busti inapunguzwa kidogo kwenye mizunguko ya kati. Utapoteza nguvu kidogo, na injini itaishi. Kwa maoni yangu hii ndiyo modi pekee ambayo gari hili linaihitaji kwa lazima hapa kwetu, na haionekani wala haikati waya. Sharti langu ni moja: kabla fundi hajaandika chochote, asome faili la kiwandani na akupe nakala, uweke sehemu mbili tofauti. Programu nyingine zinafunga kontroboksi kwa leseni ya aliyeandika; ukikosana naye au akihama, hakuna mwingine anayeweza kuingia. Uliza hilo kabla ya kulipa.

Chupa za kuongeza oktani usizitegemee. Zikiandikwa "pointi 5" maana yake ni nusu oktani, 95 inakuwa 95.5. Nyingi zina manganizi, inaacha utando wa rangi ya machungwa kwenye plagi na kwenye sensa ya oksijeni. Na plagi nunua kwa mtu unayemwamini, feki zimejaa sokoni na boksi linafanana kabisa. Injini ya turbo yenye plagi feki ya joto lisilo sahihi inagonga hata ukijaza oktani 100.

Swali la pili. Klachi ni kitu cha kulika, kuibadilisha si modi. Lakini kumbuka nilichosema mwanzo: flaiwili na presha pleti ni sehemu ya balansi ya hili toleo. Kwanza hakikisha kweli imekwisha. Kushika juu peke yake si uthibitisho, ingawa hewa kwenye mfumo wa klachi kwa kawaida hufanya ishike chini; hata hivyo toa hewa kwanza ukitumia oili mpya ya DOT 4. Jipime gia ya 5 kwenye kilima, mizunguko 3,000, kanyaga yote: mizunguko ikipanda bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha.

Ikibidi kushusha gia boksi, flaiwili ya asili ibaki, isipokuwa imepasuka au imeungua ikawa na madoa ya bluu. Usiruhusu mtu akuuzie flaiwili nyepesi. Klachi pleti na bearingi vinabadilishwa bila mjadala. Presha pleti ikibadilishwa, ile ya zamani ifute, ipake oili, iweke kwenye boksi lenye jina. Na kuna alama ambayo mafundi wengi hupita juu yake: kwenye flaiwili kuna "0" na kwenye presha pleti kuna "0", zinaonyesha upande wenye uzito uliobaki. Hizo mbili zisikae pamoja, ziachane kwa nyuzi 120 au zaidi. Zikikaa pamoja uzito unajumlishana, na balansi yote waliyoihangaikia kiwandani umeipoteza kwa bolti sita. Kama presha pleti inarudi ile ile, chora mstari wa peni ya rangi kati yake na flaiwili kabla ya kufungua.

Kijana_wa_EJ

Mimi naongeza njia ya tatu. Ukiona huwezi kuishi bila hp 400, tafuta VAB ya kawaida. Zilianza 2014, injini ni EJ20 ile ile, na iliyogongwa kidogo nyuma inapatikana kwa bei ya chini sana kuliko yako. Hiyo ifungue, itie pistoni, itie turbo, ikifa inakufa bila lawama. Hii yako ibaki na ramani ya 95 na rimu za 18. Mkuu Msafara_555 amesema liendeshwe, naunga mkono, ila swali: kwa hewa ya chumvi ya Dar, likikaa wiki tatu nyumbani linaharibika kiasi gani?

Msafara_555

Kukaa ndiko kunakoharibu. Diski za breki zinaota kutu ndani ya siku mbili ukiwa karibu na bahari. Ya juujuu inatoka ukikanyaga, lakini pale pedi ilipogandia panabaki alama na breki inaanza kupiga. Betri inashuka chini ya volti 12.4 na kuanza kuchakaa. Matairi yanapata ubapa, ongeza upepo kwa psi 5 ukijua halitembei.

Ratiba inayofaa: kila baada ya siku kumi au kumi na nne, liwashwe na liendeshwe nusu saa mpaka oili ipate moto sawasawa. Kuliwasha dakika tano likiwa limesimama ni kuliongezea maji kwenye oili na kwenye sailensa. Baada ya safari za ufukweni osha uvungu kwa maji baridi yasiyo na presha kubwa, hasa nyuma ya matao ya matairi. Usilifunike kwa turubai la nailoni nje, unyevu unabaki ndani; tumia kitambaa kinachopumua na liwe chini ya paa. Oili ya breki na klachi kila miaka miwili, kwa unyevu wetu usizidishe.

Oili ya injini badilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita. Pima kijiti kila ukijaza tangi mara mbili, gari likiwa sehemu tambarare na injini imepoa. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna karibu lita 1, na EJ kunywa kidogo ni kawaida yake. Ikifika chini ya alama kwenye kona ndefu, pampu inavuta hewa, na bearingi za konrodi zinakwenda kabla taa ya oili haijawaka. Taimingi belti ni kilomita 100,000, lakini yako ni ya 2020: ifungue kava uangalie kama ina nyufa au jasho la oili. Ikikatika vali zinagonga pistoni. Ukiibadilisha, tensheni na pampu ya maji viende pamoja, vya Subaru au vya kampuni inayomtengenezea Subaru, na vya zamani viingie kwenye boksi lile lile la presha pleti.

Mnada_na_Makaratasi

Na hilo boksi liwe na orodha. Kila kitu kinachotoka kwenye gari: jina, namba ya spea, tarehe, kilomita, na bolti zake kwenye mfuko wake. BBS zitolewe matairi kabla ya kuhifadhiwa, zioshwe vumbi la breki na sabuni isiyo na tindikali, zikauke kabisa, zilazwe uso ukiangalia juu na kitambaa kati ya moja na nyingine. Weka zile pakiti za kunyonya unyevu na uzibadilishe kila masika. Kama ghala lako liko Msasani au Kigamboni karibu na maji, afadhali uzihifadhi kwa ndugu wa Kimara.